Soko la Harusi za Nje: Anayeuza Starehe Atamshinda Anayeuza Turubai

Biashara ya kukodisha vifaa vya sherehe imekuwa kimbilio la wenye mitaji midogo jijini Dar es Salaam na katika miji mingine mingi nchini. Sababu zake zinaeleweka. Turubai haliozi kama nyanya, viti havihitaji kulishwa kama kuku wa kisasa, na harusi hazikosekani hata katika miaka ambayo fedha ni adimu. Mtu akipata mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, au akistaafu na kulipwa kiinua mgongo, wazo la kwanza analopewa na jirani ni kununua maturubai mawili, viti mia mbili na jenereta.

Matokeo yake yanaonekana sokoni. Wenye maturubai ni wengi, bidhaa zao zinafanana, na mteja huenda kwa mmoja hadi mwingine akiuliza swali moja tu: bei gani? Bidhaa zikifanana kinachobaki kushindaniwa ni bei, na bei ikishindaniwa na wengi hushuka hadi faida inabaki jina tu.

Maoni ya safu hii ni kwamba wafanyabiashara hao wanajipunja wenyewe kwa kuuza kitu ambacho mteja hakukifuata. Kamati ya harusi inapokuja dukani inasema inataka turubai, lakini shida yake ni nyingine. Inataka wageni mia mbili wakae nje kwa saa nne au tano bila kuchomwa na jua, bila kulowa, bila kukosa maji na bila kupanga foleni ya choo. Kwa neno moja inataka starehe ya wageni. Mwenye kuuza starehe hiyo kama bidhaa moja iliyokamilika ana soko ambalo bado halijajaa. Na kamati yenye kuipanga mapema itatumia fedha kidogo kuliko ile inayoanza na mapambo.

Mgeni ndiye mwenye hisa

Harusi zetu nyingi hulipiwa kwa michango. Kamati huundwa, kadi hugawanywa, ahadi huandikwa daftarini, na fedha huanza kuingia kidogo kidogo, siku hizi nyingi kwa njia ya simu. Anayekaa kwenye kiti siku ya sherehe ndiye aliyekinunua kwa mchango wake. Kwa lugha ya masoko tunaweza kusema kwamba mgeni ni mwenye hisa, na gawio lake ni jioni ile moja. Hapewi riba wala cheti. Anapewa chakula, kinywaji, muziki na mahali pa kukaa.

Mwenye hisa huyu akiondoka na jasho mgongoni, viatu vyenye tope na njaa ya saa 4 usiku, hatalalamika mbele ya bwana na bibi harusi. Atalalamika nyumbani, na kadi ijayo itakapomfikia kutoka ukoo huohuo ataandika ahadi ndogo zaidi. Kamati zinazosema kuwa wageni "watavumilia" zisisahau jambo hili. Na mfanyabiashara akumbuke kwamba katika kila wageni mia mbili wapo wenye mabinti na vijana watakaooa mwaka huo au ujao. Uwanja wa harusi ni duka lake la maonyesho, na wanaolitazama ni wanunuzi.

Hesabu ya mtaji

Tufanye hesabu kwa bei za mfano tu, ili msomaji aweke bei za mtaani kwake. Tuseme turubai limenunuliwa kwa shilingi milioni 3 na linakodishwa kwa shilingi 150,000. Linahitaji kwenda kazini mara 20 ili kurudisha bei yake, kabla ya kulipa gari, vibarua, ufuaji, ushonaji na mahali pa kuhifadhi. Ushindani ukishusha bei hadi shilingi 100,000, safari hizo zinakuwa 30.

Mwaka una Jumamosi 52. Ondoa zile 13 za Machi, Aprili na Mei, ambazo ni miezi ya masika katika ukanda wa pwani, zinabaki 39. Mwenye kupata kazi nusu ya Jumamosi hizo anafikisha safari 19 au 20. Kwa hiyo kwa bei ya kwanza mwaka mzima umekwisha ndipo bei ya turubai imerudi, na kwa bei ya pili amebaki na deni. Ijumaa na Jumapili zitamsaidia, na sendofu na kicheni pati pia, lakini sura ya hesabu haibadiliki sana.

Hapa ndipo wengi wanapoumia na mikopo. Mkopo hulipwa kila mwezi, ilhali mapato ya harusi huja kwa misimu. Mwenye kukopa bila kuweka akiba ya miezi mitatu ya masika anajikuta Aprili akiuza viti ili alipe rejesho. Kabla ya kusaini, aombe marejesho yanayofuata msimu wa kazi yake. Akikataliwa, akope kiasi ambacho hata Aprili kitalipika.

Kalenda ya kutumainiwa

Kamati nyingi huchagua tarehe kwa kuangalia likizo ya ndugu wa mbali. Si kosa, lakini harusi ya nje inahitaji kalenda nyingine pembeni. Kwa Dar es Salaam, Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kipindi cha Juni hadi Septemba ndicho kikavu na chenye ubaridi kidogo, na ndicho kinachostahili kuitwa msimu wa harusi za nje. Kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama Dodoma, Iringa na Mbeya, mvua huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili hivi, kwa hiyo mahesabu yake ni tofauti. Kule nyanda za juu kuna jambo la kuongeza: usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, na mgeni anahitaji turubai lenye kuta. Lakini majiko ya mkaa yasiwekwe ndani ya turubai lililofungwa, maana hewa yake huua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kabla ya vuli na kabla ya masika. Mfanyabiashara wa maturubai anapaswa kuusoma kama mwenye duka la mahindi anavyosoma taarifa za mavuno. Mwaka 2023 utabiri ulitangaza mapema kuwapo kwa El Niño, na vuli ya mwaka huo ikanyesha kupita kiasi cha kawaida. Aliyesikia alipata muda wa kununua kuta za maturubai na mbao za kutandika chini. Asiyesikia alirudisha malipo ya awali.

Kuna pia kalenda ya dini. Wakati wa Kwaresma na wakati wa mfungo wa Ramadhani harusi hupungua sana. Ramadhani huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mwenye biashara hawezi kutegemea mapengo ya mwaka jana. Mwaka 2025 mfungo ulianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 Machi, yaani vipindi viwili vya utulivu vilikutana, na masika ikafuata. Miaka ya namna hiyo mwenye akiba hupumua na asiye nayo huuza vifaa.

Jua, upepo na maji

Wanaofunga nikaha hufunga msikitini au nyumbani, na Wakatoliki hufunga ndoa kanisani. Kwa hiyo kinachofanyika nje kwa wengi wetu ni mapokezi na karamu, tena kuanzia saa 10 jioni. Dar es Salaam jua huzama baada ya saa 12 na kabla ya saa 1 usiku, mwaka mzima. Mgeni aliyeitwa saa 10 atakaa na jua la magharibi kwa zaidi ya saa mbili, na jua hilo haliji kutoka juu ambako kuna turubai. Huja kutoka ubavuni. Ndiyo maana unaona sherehe yenye kivuli kikubwa cha saa 6 mchana lakini jioni nusu ya viti imehamishwa kufuata kivuli.

Dawa yake ni ndogo. Upande wa magharibi ufungwe ukuta, na upande wa mashariki uachwe wazi. Katika pwani yetu kaskazi na kusi zote, ikifika alasiri, huvuma zikitokea upande wa bahari, ulio mashariki. Turubai lililogeuzwa vizuri linakinga jua na kupokea upepo. Lililogeuzwa vibaya linapokea jua na kukinga upepo, kisha mwenye harusi analipia mapangaboi ya kurekebisha kosa la fundi. Kugeuza turubai wakati wa kulisimamisha hakuna gharama yoyote.

Wanaotaka ufukwe nao wana hesabu yao. Wavuvi wanajua kwamba bamvua huja wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kwamba siku hizo katika pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar maji hujaa karibu saa 10 jioni. Bwana na bibi harusi wanaochagua jioni ya mwezi mpevu kwa ajili ya uzuri wake wanachagua pia saa ambayo ufukwe unakuwa mwembamba kuliko wakati wowote. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo kusogeza tarehe kwa juma moja kunageuza mambo: saa 10 jioni ya maji mafu bahari inakuwa mbali.

Mvua nayo ihesabiwe kwa lita. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Wageni 200 wakikaa kwenye meza za duara za watu kumi kumi wanahitaji meza 20, na ukikadiria mita moja na nusu ya mraba kwa kila mgeni, hizo ni mita 300. Ongeza mita 100 za jukwaa, chakula na kucheza, unapata mita 400, sawa na maturubai mawili ya mita 10 kwa 20. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, maturubai hayo yanapokea lita 8,000. Yakiwa yamesimamishwa bega kwa bega, nusu ya maji hayo, yaani lita 4,000, humiminika kwenye ufa wa katikati. Ni mapipa 20 juu ya vichwa vya watu waliochanga. Mfereji wa turubai unaopokea maji hayo na kuyatoa nje ni kipande cha kitambaa kilichoshonwa kwa uangalifu. Ni nani kati ya wakodishaji anautaja anapopanga bei? Ni wachache, na hao wachache wana haki ya kudai bei ya juu.

Maji ya juu yakishughulikiwa yanabaki ya chini. Kiti cha plastiki huzama kwenye nyasi zilizolowa, na viatu vyenye visigino virefu huzama zaidi. Mbao za kutandika chini, hata kwa njia ya kupita tu na mbele ya meza kuu, ni vifaa ambavyo vinadumu na ambavyo jirani hana.

Choo na chakula

Msomaji asicheke tukifika kwenye choo, kwa sababu hapa ndipo sherehe nyingi za nyumbani huharibika. Chukua wageni 200 na choo kimoja cha ndani. Kila mmoja akikitumia mara moja kwa dakika tatu, hizo ni dakika 600, yaani saa 10. Sherehe ni ya saa tano. Hata vyoo viwili vingetosha tu kama watu wangekwenda kwa zamu bila kupumzika, jambo ambalo haliwezekani. Vyoo vinne ndio mwanzo wa mazungumzo, viwili au zaidi vikiwa vya wanawake, ambao huhitaji muda mrefu zaidi. Kwa lita 10 za maji kila mtu anapoingia, pamoja na kunawa, tangi la lita 2,000 linahitajika, na lijazwe siku moja kabla. Mwenye mtaji anayejiuliza anunue turubai la tatu au vyoo viwili vya kuhamishika na tangi, ushauri wetu ni vyoo. Turubai lake la tatu litashindana na maturubai yote ya wilaya. Vyoo vyake vitashindana na vichache, na vitaitwa hata misibani na mikutanoni.

Chakula ni suala la saa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kinachosubiri kidumishwe juu ya nyuzi 60 za sentigredi. Harusi ya nje iliyoandikwa saa 12 ikaanza saa 2 usiku, na chakula kikagawanywa saa 4, inacheza na afya za watu. Kamati ikubaliane na mpishi saa ya kuiva, si saa ya kuanza kupika, na mshereheshaji apewe ratiba yenye chakula mbele ya hotuba. Wazee wakae karibu na njia na mbali na spika. Na kwa kuwa mbu hupenda machweo, mapangaboi yawashwe mapema. Mbu hawezi kuruka vizuri kwenye upepo, na joto nalo linapungua kwa fedha hiyohiyo.

Jenereta nalo liwekwe upande ambako upepo unakwenda, si unakotoka, mbali na meza, ili moshi usirudi kwa wageni. Majirani wakumbukwe pia. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na serikali ya mtaa ina haki ya kujulishwa. Sherehe iliyozimwa saa 5 usiku kwa malalamiko ya jirani ni hasara kwa mwenye harusi na sifa mbaya kwa mwenye muziki.

Mkataba wa ukurasa mmoja

Biashara hii inaumizwa pia na ahadi. Kamati inayo daftari lenye ahadi nyingi kuliko fedha, na mkodishaji huombwa asubiri "tukikusanya". Akikubali, amegeuka mfadhili wa harusi asiye na kadi. Ukurasa mmoja ulioandikwa unatosha: tarehe na saa ya kusimamisha, idadi ya vifaa, malipo ya awali, siku ya kumaliza malipo kabla ya sherehe, na nani analipia kilichovunjika. Kisha mstari wa mvua: kuta na mfereji vimo ndani ya bei au la, nani ana kauli ya mwisho ya kuhamia ndani, na tarehe ya pili ikitumika malipo yanahesabiwaje. Mstari huo unamlinda mkodishaji asidaiwe kila kitu, na unailinda kamati isipoteze kila kitu.

Wapo watakaosema kwamba mteja wetu anataka rahisi, na kwamba fedha yake huiweka kwenye mapambo yanayoonekana pichani. Hoja hiyo ina ukweli, kwani hakuna anayepiga picha choo. Lakini mteja hununua rahisi pale anapoonyeshwa vitu viwili vinavyofanana. Mpelekee karatasi mbili: moja ya turubai na viti, nyingine ya kivuli cha saa 10, ardhi kavu, vyoo vinne, maji, taa na fundi atakayebaki uwanjani hadi mwisho. Wengine watachukua ya kwanza. Watakaochukua ya pili ndio watakaolipa rejesho lako la Aprili. Na kwa kamati yenye bajeti finyu, ni heri kupunguza wageni 50 kuliko kupunguza starehe ya wote 200, maana wageni hao 50 wanaondoka na meza tano, chakula chao, vinywaji vyao na robo ya foleni.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuingia, ushauri wetu ni huu. Usinunue chochote kabla ya kuhudhuria sherehe tatu za nje mtaani kwako ukiwa na daftari. Andika saa ambayo viti vilihamishwa kufuata kivuli, urefu wa foleni ya choo, mahali maji yalipotuama, na saa chakula kilipotoka. Kitu kitakachojirudia katika sherehe zote tatu ndicho cha kununua. Kinunue mwisho wa masika, si mwanzo wake, ili kianze kufanya kazi Juni, na faida ya Septemba usiile yote.